Maji ya Sungura

Januari 2023, mchezo wa Splash Mountain ulipofungwa kule Florida, wapo mashabiki waliotia maji yake kwenye chupa na kuyatangaza eBay. Nilimweleza bibi habari hiyo tukiwa uani kwake Newala. Hakushangaa. Aliuliza tu, "Ndoo shilingi ngapi?"

Kwa asiyeujua, ni mlima wa kutengenezwa ndani ya bustani ya burudani ya Disney. Unapanda mashua yenye umbo la gogo, unapita kwenye mfereji katikati ya wanyama bandia wanaoimba, kisha mashua inaporomoka kama mita 15 na wote mnalowa. Wa California ulifunguliwa 1989, wa Florida na Tokyo 1992. Wanyama wale walitoka kwenye filamu ya 1946, Song of the South, ambamo mzee mweusi, Uncle Remus, anawasimulia watoto visa vya Brer Rabbit kwenye shamba la Kusini mwa Marekani ambako kila mtu anaonekana kuridhika. Juni 2020 Disney ilitangaza kwamba mlima utavishwa filamu nyingine ya katuni, The Princess and the Frog ya 2009, ya Tiana, binti mfalme wao wa kwanza mweusi. Mashabiki wakagawanyika. Hawa walisaini kutaka mabadiliko, wale wakasaini kuyapinga, wakisema utoto wao unabomolewa.

Mimi niko na waliotaka mabadiliko, na sababu yangu ni moja. James Baskett, aliyeigiza Uncle Remus, hakuweza kuhudhuria uzinduzi wa filamu yake mwenyewe mjini Atlanta kwa sababu ya ubaguzi wa rangi. Baadaye wakampa Oscar ya heshima.

Ila Brer Rabbit mwenyewe ni Sungura. Joel Chandler Harris, mwandishi wa magazeti mzungu wa Georgia, alivisikia visa vyake kwa watumwa akiwa kijana, akaanza kuvichapisha kitabuni mwaka 1880. Kinachojulikana kuliko vyote, cha sungura kunasa kwenye sanamu la lami, nimekua nacho. Kwa bibi hakuna lami, kuna ukame. Wanyama wanachimba kisima, Sungura anakataa kushika jembe, usiku anakuja kuiba maji. Kobe anapakwa ulimbo mgongoni na kujilaza kisimani. Sungura anamkanyaga, ananasa. Akihukumiwa analia: nichomeni, nizamisheni, ila msinitupe kichakani. Wanamtupa kichakani. Aliyewahi kuona vichaka vya uwanda wa Makonde vilivyofumana anajua kwa nini watoto wa huku hucheka kabla sentensi haijaisha.

Sidai kwamba kisa kilisafiri kutoka Newala. Wengi wa waliopelekwa Marekani walitoka Afrika ya Magharibi na ya Kati, na huko nako Sungura na ndugu zake wa ujanja wapo. Uzi ninaoushika ni mwembamba: Karl Weule, Mjerumani aliyepita Masasi na Newala mwaka 1906, aliandika kitabu cha safari hiyo, na aliyekitafsiri kwa Kiingereza, Alice Werner, ndiye aliyekuja kuandika mwaka 1933 sura nzima juu ya Brer Rabbit barani Afrika. Disney nao hawakungoja 2020 kubadilisha kisa. Kwenye mlima ule lami ilikuwa imeshaondolewa, Sungura ananasa kwenye asali.

Utafiti wangu wa uzamili ni juu ya kisa hiki. Mwaka jana nilimrekodi bibi, usiku, maana mchana hasimulii. Msimuliaji wa mchana huota pembe. Kisima hakikuwepo. Wanyama walichanga fedha, wakanunua pampu, wakaunda kamati, na Sungura akawa mweka hazina. Kobe hakupakwa ulimbo. Aliitisha mkutano akaomba daftari la mapato.

"Na mwisho wake?" niliuliza.

"Bado wanamtafuta."

Kila mtu pale uani alijua ni mweka hazina gani. Pampu ya mtaa ilikuwa imesimama kwa miezi, na bibi, ambaye utotoni alishuka bondeni na kupanda mteremko na mtungi kichwani, amerudi kununua maji kwa dumu.

Mjomba alikuja kutoka Masasi, akaisikiliza rekodi, akakasirika. "Mama anaharibu hadithi. Sungura si mwizi wa fedha. Ni mdogo anayewashinda wakubwa." Hoja yake ni nzito, nadhani ndiyo iliyowafanya watumwa wa Georgia wampende Sungura. Ingawa mjomba anaoga maji ya Mbwinji, na ni rahisi kukipenda kisima ukiwa na bomba.

"Mdogo gani anashika funguo za pampu?" bibi alimjibu.

Mlima mpya ulifunguliwa Florida Juni 2024. Humo Tiana ana ushirika wa chakula unaomilikiwa na wafanyakazi, na anatafuta wanamuziki wa sherehe. Mashabiki wengine wamelalamika kwamba hakuna adui: mganga mwovu wa filamu hayupo, hakuna anayeiba wala anayenasa, kwa hiyo mashua inaporomoka bila sababu. Katika kelele zote za miaka hii, lalamiko hilo naliona la haki kuliko mengine. Bibi, mkulima wa korosho, nilipomwambia kuna hadithi ya ushirika usio na mwizi, alisema labda hawajafika kwenye malipo ya pili.

Msimamizi wangu anataka niteue matini asilia. Nimemwandikia kwamba sura ya nne itabeba matini mbili kamili na hakuna itakayoitwa hivyo. Ya pili ni ya mjomba, aliyekubali kurekodiwa kwa sharti kwamba kisima kirudi. Alianza vizuri: ukame, majembe, Sungura akikataa. Alipofika kwenye ulimbo akampaka Kobe mwili mzima, na bibi akamkatiza kutoka jikoni: mgongoni tu, la sivyo Kobe mwenyewe angenasa chini ya kisima. Mabishano hayo yana dakika kumi na moja. Nimeyanukuu yote.