Wosia kwa Wajukuu wa Kisutu

Wajukuu zangu,

Duka nimeshawakabidhi, na wanaotudai na tunaowadai wote mtawakuta kwenye daftari. Lililobaki ni hili.

Jioni mkikaa kibarazani nawasikia: "Siasa si kazi yetu sisi Wahindi." Mnayasema hayo hapa Mtaa wa Zanaki, na Ukumbi wa Karimjee, Bunge lilipokaa zamani, mnaweza kwenda kwa miguu. Ukumbi ule Mhindi mwenzetu Amir Jamal aliuingia akiwa mbunge, na hakupelekwa na kura za Uhindini. Alikuwa mbunge wa Morogoro.

Mnaijua kura tatu? Uchaguzi wa 1958 kila mpiga kura alilazimika kuchagua Mwafrika mmoja, Mwasia mmoja na Mzungu mmoja. Mkoloni aligawa viti kwa rangi. Kumbe Mhindi aliyetaka kiti ikambidi aombe kura kwa Mwafrika, maana wenzake hawakutosha. TANU ilipoamua kushiriki, pale Tabora, ikawaunga mkono kina Jamal, na Sophia Mustafa kule Arusha. Bibi yule nampenda kuliko wote. Mwanamke wa Kihindi kupanda jukwaani zama zile!

Ukaja uchaguzi wa 1965. Karibu kila jimbo wagombea wawili, wote wa TANU, mmoja amepewa alama ya jembe, mwingine nyumba. Kisingizio cha kiti cha Mwasia hakikuwepo tena. Morogoro wakamrudisha Jamal. Mwaka huo huo akawa Waziri wa Fedha, na Juni 1966 Benki Kuu ilipoanza kutoa noti zetu wenyewe, wizara ilikuwa mikononi mwake.

Sitawaficha upande mchungu. Mwaka 1971 majumba ya kupangisha yenye thamani ya zaidi ya shilingi 100,000 yalitaifishwa, yakawa chini ya Msajili wa Majumba. Mitaa hii ililia. Niliwasikia watu wazima wakisema mwenzetu yuko serikalini na hakutusaidia kitu. Nilikuwa kijana, niliwaamini. Leo naona walimdai kitu ambacho mbunge wa Morogoro hakuwa na haki ya kuwapa. Hakutumwa na sisi. Sheria yenyewe bado naiona ilikuwa kali, na wengi walipanda ndege wasirudi. Mawili hayo msiyachanganye.

Wizara ya Fedha Jamal aliiacha, akarudishwa mwishoni mwa 1979, wakati mbaya kabisa: vita vya Kagera vimekausha hazina, mafuta yamepanda, Waziri Mtei amejiuzulu kwa kutofautiana na Mwalimu Nyerere juu ya IMF. Kazi hiyo nani angeitamani? Aliifanya hadi 1983. Baadaye akatuwakilisha Geneva, akafariki 1995.

Siwaambii mgombee ubunge. Mohammed Dewji aligombea Singida akakaa miaka kumi, ila ninyi hata mkutano wa mtaa hamwendi! Mwenyekiti akiitisha, mnamtuma kijana wa dukani akasikilize, mkilipa ya taka mnaona mmemaliza. Mkutano ujao fungeni mapema. Kaeni na wauza kahawa na madereva wa bajaji, na mkiwa na neno juu ya maji machafu yanayofurika hapa nyuma, semeni kwa Kiswahili hicho hicho mnachouzia vitambaa.

Babu yenu