Flashi Zilizorudi Tupu

Namshukuru Mungu kwamba sekretaria yangu, kiduka cha kupiga chapa, bado iko wazi hapa Makiso, si mbali na Chuo Kikuu cha Kisangani. Anayepita huona printa, mashine zangu za okazioni na wanafunzi waliopanga mstari na karatasi zao, akadhani mambo yamekuwa mazuri siku zote. Kuna kipindi nilibaki kidogo tu nifunge. Sababu haikuwa koranti, ingawa koranti ya mji huu ina tabia zake, wala bei ya mafuta ya jenereta. Watu walikuwa wameanza kuambizana: "Flashi yako usiitie kwa yule mama."

Uzito wa maneno hayo anaujua mtu wa kazi hii. Wanafunzi wengi wa huku hawana kompyuta. Mtu anaandika TFC au memwari yake, yaani andiko lake la kuhitimu, kwa kalamu, anatuletea tumpigie chapa, anaiweka kwenye flashi, anampelekea profesa, anarudi na masahihisho, na mzunguko huo unaweza kuchukua miezi. Wapo wanaovuka mto kutoka Lubunga kwa mtumbwi, flashi imefungwa kwenye mfuko wa plastiki isilowe. Jasho lote la masomo, na pesa za wazazi waliouza mpunga au mawese, zimo humo. Sasa mtu huyo anafungua flashi yake anakuta hakuna kitu, ila vijialama vya njia ya mkato vyenye majina ya folda zake.

Ujanja wa kirusi kilichofanya hayo nilikuja kuuelewa polepole. Hakifuti kazi ya mtu. Kinazificha folda za kweli, kisha mahali pake kinaweka njia ya mkato yenye jina lile lile. Ukibofya, kwanza unakiwasha chenyewe, ndipo kinakufungulia folda uliyoitaka, nawe huoni tofauti yoyote. Kuanzia hapo kila flashi itakayoingia kwenye mashine hiyo inatoka nacho. Inakwenda ofisi ya profesa, inakwenda sekretaria nyingine, inarudi kwangu mkononi mwa mwanafunzi mwingine. Nani alianza, hakuna ambaye angeweza kusema. Lakini lawama hutafuta mahali pa kukaa, na kwangu ilipata kiti.

Kijana mmoja fundi alinifundisha kuandika amri ya attrib kwenye lile dirisha jeusi la amri, pamoja na herufi zake za h, r na s, kila moja na alama ya kutoa mbele yake. Folda zilizofichwa zinarudi kuonekana. Niliikariri kama sala. Shida ni kwamba nilikuwa nasafisha flashi na mashine inaichafua tena papo hapo. Antivirusi inataka masasisho kila siku, na megabaiti zinanunuliwa kwa pesa. Tukifuta mashine yote na kuanza upya, tulikuwa tunarudia CD zile zile za sokoni, nakala ya nakala ya Windows XP au Windows 7, na nyingine zilikuja na virusi vyake tayari ndani ya programu ya kuvunja leseni.

Ndipo kijana yule akaniuliza swali ambalo sikuwa nimewahi kuulizwa. "Mama, hizi mashine, ni nani anazitengenezea viraka?" Jibu lilikuwa hakuna. Microsoft waliacha kuitunza XP tarehe 8 Aprili 2014, na Windows 7 tarehe 14 Januari 2020. Mashine haizimiki siku hiyo, na hilo ndilo linalotudanganya. Inawaka vilevile, inapiga chapa vilevile, ila kila ufa unaogunduliwa baada ya hapo unabaki wazi, na wezi wanaujua. Alinieleza habari ya WannaCry, Mei 2017: kompyuta zaidi ya laki mbili katika nchi zaidi ya 150, faili zimefungwa na watu wanadaiwa fidia, hata hospitali za Uingereza zikawarudisha wagonjwa. Kiraka cha ufa ule kilikuwa kimetolewa tangu Machi, miezi miwili kabla. Walioumia ni wale ambao kiraka hakikuwa kimewafikia.

Kirusi changu, nakiri, kilikuwa cha kitoto ukikilinganisha na hicho. Lakini 2023 ilipoingia, hata kivinjari cha Chrome kiliacha kutoa matoleo mapya kwa Windows 7, na wanafunzi waliotaka kujaza fomu za masomo ya nje wakawa wanakuta kurasa zinagoma. Hapo nikaona sina tena cha kungojea.

Kununua mashine mpya hakukuwezekana. Windows 11 inataka RAM ya gigabaiti 4, nafasi ya 64, na kijisehemu cha usalama kiitwacho TPM 2.0, ambacho mashine zangu zilizotoka Ulaya zikiwa zimechoka hazina. Kijana akaja na Linux Mint kwenye flashi yake, lile toleo jepesi la Xfce linaloridhika na gigabaiti 2. Ni bure kwa haki kabisa, nakala moja inaingia kwenye mashine zote, na kila toleo kubwa linatunzwa kwa miaka mitano. Tulifanya kazi jenereta ikinguruma, maana koranti ikikatika katikati ya shughuli hiyo, unaanza upya.

Wiki za mwanzo zilikuwa chungu, nisiwafiche. "Mama, Word iko wapi?" Kila mtu na swali hilo. LibreOffice inafungua faili za Word, lakini majedwali mengine yalipinda na fomula za watu wa kemia zilinitoa jasho. Kilichoniokoa ni kwamba ile fonti ya Liberation Serif ina upana sawa na Times New Roman, kwa hiyo kurasa hazikuhama na maprofesa hawakugundua.

Kisha akaja binti wa mwaka wa mwisho, analia. Flashi yake tupu, sekretaria mbili zimemwambia memwari imekufa. Niliichomeka. Linux haijali ile alama ya kuficha ya Windows, wala kubofya ile njia ya mkato hakuwashi chochote, kwa hiyo folda zake zote zilikuwa pale zimejipanga, sura zote nne na bibliografia. Sikuandika hata attrib. Binti alipiga kelele hadi watu wa toleka, zile baiskeli za abiria, barabarani wakageuka. Siku zilizofuata hao hao waliokuwa wananikwepa walianza kuniletea flashi zao "zilizokufa".

Imebaki mashine moja yenye Windows 10, niliyoiacha kwa ajili ya watu wa hesabu na programu yao. Nayo muda wake wa kutunzwa umekwisha tarehe 14 Oktoba 2025. Kijana anataka tuibadilishe mara moja. Nimemwambia memwari zilizo mezani zitoke kwanza, na mpaka hapo mashine hiyo haiguswi na flashi ya mtu yeyote, hata ya kijana mwenyewe.