Usiingie nayo barazani

St. Louis, Missouri

Mpendwa Baba,

Umebeba jina la baba yangu, nami nitaendelea kukuita hivyo. Mama yako ameniambia umenunua bastola, na Jumatatu unataka kuichomeka kiunoni, chini ya koti, uende nayo kwenye kikao cha baraza la mji mtakapowasemea wapangaji wa jengo lenu. Anasema kuna mtu amekutisha, na kwamba sheria inakuruhusu. Hofu yako naielewa. Sheria ndiyo uliyoelezwa nusu.

Ni kweli, tangu Januari 2017 mtu wa miaka 19 na kuendelea anaweza kubeba bastola iliyofichwa katika jimbo hili bila kibali. Wengi huishia hapo. Lakini asiye na kibali akiingia na silaha katika jengo la serikali, liwe la mji, la kaunti au la jimbo, ametenda kosa la jinai. Hata mwenye kibali haruhusiwi kuingia nayo kwenye mkutano wa baraza. Walioachiwa ni wajumbe wa baraza hilo wenyewe, kama wana kibali. Mimi naona hapo pana dhuluma: anayeamua awe na bastola, anayelalamika asiwe nayo. Lakini ndivyo ilivyoandikwa. Mwenye kibali akionekana ataambiwa atoke, na akikaidi hadi polisi waitwe, hutozwa faini isiyozidi dola 100. Akirudia ndani ya miezi sita, kibali chake husimamishwa.

Wewe huna kibali, wala huna uraia. Una grini kadi tu. Sheria ya uhamiaji ya Marekani inasema mgeni akitiwa hatiani kwa kubeba au kumiliki silaha kinyume cha sheria, anaweza kufukuzwa nchini, hata kama kosa lenyewe ni dogo. Kumbuka njia ya kutoka Uvira hadi kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, na mahojiano yasiyokwisha kabla ya kupanda ndege. Yote hayo utayaweka rehani kwa jioni moja?

Rafiki zako watakutajia hukumu ya Mahakama ya Juu ya Juni 2022, katika kesi ya New York, iliyosema kubeba bastola hadharani ni haki ya kikatiba. Waambie waisome yote. Hukumu hiyohiyo inataja mabunge, vituo vya kupigia kura na mahakama kuwa mahali ambapo tangu zamani silaha zimekuwa zikikatazwa.

Watakutajia pia Kirkwood, hapa jirani. Tarehe 7 Februari 2008, mkandarasi aliyekuwa na ugomvi wa miaka na mji huo alimuua polisi nje, akachukua bastola yake, akaingia kwenye kikao cha baraza. Akaua polisi wa pili, wajumbe wawili na mkurugenzi wa kazi za umma. Meya Mike Swoboda alipigwa risasi kichwani, akafariki Septemba mwaka huohuo. Marufuku ilikuwapo tayari, na haikumzuia. Nakubali: mtu aliyekwisha kuamua kuua hazuiwi na karatasi. Lakini polisi aliyekuwa ukumbini alikuwa na silaha, naye akafa. Kwa nini uamini yako ingekuokoa?

Na katika purukushani ya namna hiyo, askari wanaovunja mlango na kuingia hawatakuuliza jina. Watamwona kijana mweusi mwenye bastola mkononi. Neno hili linaniuma kuliandika, ila bora ulisikie kwangu.

Mwanangu, mnakwenda pale ili bibi wa ghorofa ya tatu asimame aseme habari ya ukungu ukutani mwake na hita isiyowaka. Akihisi kuna bastola karibu yake, atanyamaza. Mjumbe naye ataliangalia koti lako, hoja zenu zisimfikie.

Leo hii kaandikishe polisi vile vitisho, na uchukue nakala. Mpigie karani wa mji, uombe askari akae mlangoni, na mwandikishe majina ya watakaosema. Bastola ibaki nyumbani, imefungiwa. Usiiache garini, magari yanavunjwa kila siku. Kisha nitumie saa ya kikao. Nitakuja na mama yako na kina mama wa kanisa, na wanaoweza Kiingereza watajiandikisha kusema.

Shangazi yako