MWEZI NA MAJI YA BAHARI



Ndugu wasomaji, kila tunapofundisha somo la mwezi mwandamo hapa Nyahanga, hakosekani mwanafunzi anayeuliza: je, kusema kwamba mwezi unavuta bahari si shirki? Swali hili ni zito. Mitaani wapo wapiga ramli wanaouza habari za nyota na bahati za watu, na mtoto huyasikia yote kwa jina moja la "nguvu za mwezi".

Tunajibu hivi. Allah (S.W.) ameumba vitu vikawa vinavutana. Dunia inauvuta mwezi, ndiyo maana hautoroki, na mwezi nao unaivuta dunia kutoka umbali wa wastani wa kilomita 384,400. Mvuto hupungua kadiri umbali unavyozidi. Kwa hiyo upande wa dunia unaouelekea mwezi huvutwa zaidi kuliko kitovu chake, na kitovu huvutwa zaidi kuliko upande wa nyuma. Tofauti hiyo ndiyo inayoyafanya maji yatune pande zote mbili. Dunia ikijizungusha, pwani hupata maji kujaa mara mbili na kupwa mara mbili katika saa 24 na dakika 50. Hizo dakika 50 zinazidi kwa kuwa mwezi nao unasonga katika njia yake, kama tunavyosoma katika Sura Yasin, aya ya 40.

Abu Ma'shar wa Balkh, katika karne ya 9, aliandika kwa kirefu jinsi bahari inavyoufuata mwezi. Bwana huyo alikuwa mnajimu! Lakini habari za bahari zinapimika, na Newton wa Uingereza alizitolea hesabu mwaka 1687; habari za bahati za watu hazina kipimo. Na jua lilipopatwa siku aliyofariki Ibrahim, mwana wa Mtume (S.A.W.), watu walisema ni kwa ajili ya msiba ule, naye Mtume akawakatalia.

Jua pia huvuta bahari, ila kwa sababu ya umbali athari yake haifiki nusu ya ile ya mwezi. Mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, jua, dunia na mwezi hukaa karibu mstari mmoja, na baada ya siku moja au mbili huja bamvua. Huko Unguja maji hupanda na kushuka kiasi cha mita 4. Karibu na tarehe 7 na 22 nguvu hulegea, yakawa maji mafu. Basi mama anayelima mwani kule Paje akiijua tarehe ya Hijria, amekwisha ijua bahari yake.

Sisi wa bara je? Maji ya bomba tunayokunywa Kahama yanatoka Ziwa Victoria, kule Ihelele. Ziwa ni kubwa, lakini mbele ya bahari ni dogo: mwezi huvuta ufuko huu na ule karibu sawasawa, na kujaa kwake ni kidogo mno hata upepo hukuficha. Lilipofurika makazi ya kandokando yake mwaka 2020, zilikuwa mvua.