Kutoka Mlimani hadi Makerere: ofisi za ajira za vyuo na simu za vijana

Kati ya 1963 na 1970, Dar es Salaam (Mlimani), Nairobi na Makerere vilikuwa vyuo vishiriki vya chuo kikuu kimoja, Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki. Kijana wa Tanga aliyetaka sheria alikwenda Dar es Salaam, aliyetaka uhandisi alipanda basi la Nairobi, na aliyetaka udaktari alisafiri hadi Makerere, Kampala. Wahitimu walikuwa wachache na kazi ziliwasubiri. Leo hali imegeuka: wahitimu ni maelfu kwa maelfu, na vyuo vimelazimika kuwa na ofisi za ushauri wa kazi na ajira. Nimezunguka miji hiyo mitatu, vyuo vya serikali na vya binafsi, nikiwa na swali moja: ofisi hizi zinawafikiaje wanafunzi na wahitimu wao kwenye mitandao ya kijamii, na nani anaitikia? Majina ya ofisi nayahifadhi, kwa kuwa wenyeji wangu walizungumza nami kwa uwazi.

Dar es Salaam

Hapa habari inapita WhatsApp. Kila darasa lina kundi lake tangu wiki za mwanzo za mwaka wa kwanza, na kiongozi wa darasa, CR, ndiye mwenye sauti. Ratiba ikibadilika, mhadhiri akichelewa, fedha za Bodi ya Mikopo zikiingia, kundi linajua kabla ya ubao wa matangazo. Ofisi ya ajira isiyofahamiana na ma-CR itabandika makaratasi ukutani mpaka yapauke.

Nilikaa asubuhi nzima na mratibu mmoja, mama wa makamo ambaye wanafunzi walimwamkia shikamoo mlangoni na kuingia bila woga. Alikuwa amepokea tangazo la nafasi za mafunzo kwa vitendo, faili la kurasa kadhaa lililopigwa skani upande. Hakulirusha kama lilivyo. Aliandika mistari mitano: kazi gani, wapi, wanatafutwa waliosoma nini, mwisho wa kuomba lini, na unaombaje. Kisha akarekodi sauti fupi akieleza barua ya maombi ianzeje.

"Mwanafunzi mwenye bando la jero, shilingi mia tano, hafungui faili zito, mdogo wangu," aliniambia. "Na akishindwa kulifungua, haniambii. Ananyamaza tu."

Kundi la WhatsApp lina mipaka yake. Halipokei zaidi ya watu 1,024, na tangazo la kazi likiingia saa nne asubuhi, kufikia adhuhuri limefunikwa na salamu, picha na mabishano ya mpira. Chaneli za WhatsApp, zilizoanza 2023, zinatuliza kelele na kuficha namba za wafuasi, lakini kijana hawezi kuuliza humo akajibiwa. Mratibu wangu anatumia vyote viwili. Matangazo anayaweka kwenye chaneli. Maswali anayapokea kwenye kundi, saa mbili hadi saa tatu usiku, siku mbili kwa wiki, na wanafunzi wanaijua saa hiyo kama wanavyojua saa ya kipindi.

Lakini kilichonivutia zaidi ni namna anavyowapata wahitimu. Hakufungua kundi jipya la wahitimu wote wa chuo. Makundi ya madarasa hayafi baada ya mahafali. Yanaendelea miaka na miaka kwa sababu ya misiba na harusi: mzazi wa mwenzenu amefariki, mwenzenu anaoa, michango inakusanywa. Mwenye kukusanya ni mweka hazina, mtu ambaye kundi zima linamwamini kwa fedha zake. Mama huyu ametafuta mweka hazina wa kila darasa, mwaka hadi mwaka, na kuzungumza naye kwa simu. Akiwa na jambo la wahitimu wa uhasibu, analipitisha kwa huyo. Ujumbe unaoletwa na mtu aliyesimamia msiba wa baba yako, unausoma hadi mwisho.

Nairobi

Kenya imekuwa na mpango wa serikali wa Ajira Digital tangu 2016, unaowafundisha vijana kazi za mtandaoni. Kutafuta kazi mtandaoni si jambo geni hapa: wanafunzi niliozungumza nao walikuwa na ukurasa wa LinkedIn kabla ya kumaliza mwaka wa pili, na ofisi za ajira zinawafundisha kuuandika: picha ya heshima, kozi, kazi za kujitolea, mradi wa darasani ulioelezwa vizuri.

Afisa kijana aliyenipokea alinionyesha chombo ambacho ofisi nyingi za kwetu hazijakigusa. Ukurasa wa chuo kwenye LinkedIn una sehemu ya wahitimu, inayowapanga kwa mahali wanapoishi, mwajiri wao, kazi wanayofanya na somo walilosomea. Alichagua takwimu, kisha bima, kisha Nairobi. Majina yakajitokeza. Hakuwaandikia wote kwa mkupuo. Alimwandikia mmoja: tuna wanafunzi watatu wanaotaka kazi ya bima, je, unaweza kuzungumza nao dakika ishirini, Jumanne saa moja jioni?

Nililinganisha ombi hilo na yale niliyozoea kuyaona, ya kuwakaribisha wahitimu wote kushiriki katika maendeleo ya chuo. Ombi la jumla halina mwenyewe. Kila anayelisoma anadhani wengine wataitikia. Ombi lenye jina, siku na muda linajibika kwa ndiyo au hapana, na afisa huyu anasema anapata ndiyo mara nyingi kuliko alivyotarajia alipoanza.

Ana kanuni nyingine ninayoikubali kabisa. Wakurugenzi wakubwa anawaita kwenye mahafali. Kwenye mazungumzo ya mtandaoni anamtafuta aliyehitimu miaka miwili au mitatu iliyopita. Huyo bado anakumbuka swali lililomkwamisha kwenye usaili, jaribio aliloandika, nauli iliyomwishia kabla ya mshahara wa kwanza. Mwanafunzi anamsikiliza kwa sababu anajiona ndani yake.

LinkedIn ina kivuli chake. Inaonyesha waliopata. Kurasa zimejaa pongezi za ajira mpya na kupandishwa cheo, na kijana aliyeomba kazi pasipo kujibiwa anazipitia usiku akihisi amebaki peke yake duniani. Mhitimu aliyejiajiri sokoni au shambani haonekani humo. Kwa hiyo ofisi hii inatumia video fupi za Instagram na TikTok kwa ajili ya hao. Niliangalia video ya mhitimu wa uhandisi anayefunga pampu za maji za umeme wa jua kwa wakulima. Chini yake vijana waliuliza: ulianza na pesa ngapi, zana ulizipata wapi, mteja wa kwanza alikuwa nani? Alimjibu kila mmoja. Majibu yale yalifundisha kuliko video yenyewe.

Kampala

Uganda inafundisha somo ambalo majirani wangefaa kulisikia mapema. Julai 2018 serikali ilianza kutoza shilingi 200 kwa siku kwa kila anayetumia mitandao ya kijamii. Mwaka 2021 kodi hiyo iliondolewa, ikawekwa ya asilimia 12 kwenye bando la intaneti. Januari ya mwaka huohuo, kuelekea uchaguzi mkuu, Facebook ilifungwa nchini, na kufungwa huko kukadumu kwa miaka. Wengine walipita kwa VPN, wengine wakaacha.

Kwa ofisi iliyokuwa imewakusanya wahitimu wake Facebook, hasara ilikuwa kubwa. Ilikuwa kama mpangaji aliyejenga banda la biashara kwenye kiwanja cha mwingine: siku mwenye kiwanja akifunga geti, wateja wanabaki nje na mpangaji hana hata namba zao. Afisa mmoja aliniambia kuwa tangu hapo wana daftari lao wenyewe: jina, kozi, mwaka, simu, barua pepe, mji anakoishi. Mitandao wanaitumia kumleta mtu kwenye daftari, na daftari ndilo mali ya ofisi. Wanalijaza siku ambayo hakuna mhitimu anayekosekana, siku ya kuchukua joho.

Daftari kama hilo lina wajibu. Uganda na Kenya zilitunga sheria za kulinda taarifa binafsi mwaka 2019, na Tanzania 2022. Mhitimu aulizwe kama anakubali, aambiwe taarifa zitatumikaje, na aweze kujiondoa. Hili linahusu pia picha. Nimeona kurasa za vyuo zikirusha vyeti vya vijana huku namba zao zikisomeka wazi, zawadi kwa tapeli yeyote.

Na Kampala ina hazina nyingine. Wahitimu wa Makerere hujitambulisha kwa bweni kabla ya kozi: huyu wa Lumumba, yule wa Mary Stuart, mwingine wa Livingstone. Ushindani wa mabweni wanaubeba hadi uzeeni. Nikiwa Wandegeya, mtaa ulio jirani na chuo, jioni nilisikiliza mazungumzo ya sauti kwenye X ambayo watu wa bweni moja waliyaandaa kwa wanafunzi wa sasa, na mmoja alichangia kutoka Doha, mwingine London. Ofisi inayomwita mtu kwa jina la bweni lake inaanza mazungumzo ikiwa imeshapokelewa.

Kinachounganisha miji yote mitatu

Kote nilikopita, matangazo ya uongo yanatembea kwenye makundi: kazi ya ughaibuni, lipia fomu, lipia kipimo cha afya, tuma kwa namba hii. Ofisi ninazoziheshimu zimeweka utaratibu. Humpigia mwajiri kwa namba waliyoitafuta wenyewe, si iliyoandikwa kwenye tangazo. Huandika kuwa tangazo limethibitishwa na tarehe lilipothibitishwa, na hulifuta muda ukipita. Imani ya mwanafunzi ikipotea mara moja kwa sababu ya tangazo la kitapeli, hata nafasi ya kweli ataipita bila kuisoma.

Mitandao ilitofautiana kila nilipovuka mpaka. Panapoitikiwa hapakutofautiana: kulikuwa na mtu mmoja, anayejulikana kwa jina, anayeuliza swali linalojibika na anayejibu akiulizwa. Wakuu wa vyuo wengi hudai idadi ya wafuasi kwenye taarifa zao za mwaka. Nawasihi wadai hesabu nyingine: maswali mangapi ya wanafunzi yalijibiwa, na ndani ya muda gani, wahitimu wangapi waliombwa jambo mahususi, na wangapi walilitekeleza. Kisha wampe mratibu wao simu ya ofisi, bando la kutosha na muda ulioandikwa kwenye majukumu yake. Kazi hii wasimwachie mwanafunzi wa mafunzo kwa vitendo anayeondoka baada ya wiki chache na nywila mfukoni. Uhusiano na wahitimu unajengwa kwa miaka, na anayeujenga anastahili kuajiriwa kwa kazi hiyo.