Fundi Ana Jina

Julai iliyopita nilikuwa likizo nyumbani Yakobi, Njombe, katika msimu ule ambao baridi humkimbiza mtu kwenye moto wa jikoni hata saa nne asubuhi. Mwanafunzi wangu mmoja, ambaye kwao si mbali na kwetu, alibisha hodi akiwa ameifunga kompyuta yake katika kanga ya mama yake.

"Shikamoo, Daktari. Nimekuja kuhusu ile alama."

Niliijua alama aliyoisema. Katika zoezi la kubuni kiti cha maktaba nilimpa sifuri, nikaandika kwa wino mwekundu: "Hii si kazi yako." Fremu ya kiti chake nilikwisha kuiona kwenye intaneti. Kwangu, huo ulikuwa wizi wa kitaaluma, na shauri lilikuwa limekwisha.

Kijana hakubishana. Alifungua Blender, programu ya kuunda maumbo ya kidijitali ambayo tangu mwaka 2002 hutolewa bure pamoja na msimbo wake, akanionyesha hatua kwa hatua. Fremu aliichukua kwa mbunifu aliyeko Ulaya, aliyeiweka kazi yake hadharani kwa leseni ya Creative Commons. Leseni hiyo inaruhusu kuchukua na kubadili, mradi umtaje mwenye kazi na ueleze ulichobadilisha. Kijana alipunguza urefu wa miguu, akabadili viungio ili seremala wa kawaida aweze kuvichonga, kisha egemeo akalifuma upya kwa msuko wa matenga ya mianzi ya kwetu. Ukurasa wa mwisho, ambao sikuufikia wakati wa kusahihisha, ulikuwa na majina yote na mabadiliko yote.

Niliona aibu. Nilikuwa nimemhukumu kwa kosa ambalo hata kusoma kazi yake hadi mwisho kungelifuta.

Na kwa nini nilikuwa mwepesi hivyo wa kuhukumu? Sanaa zetu nyingi zimekua kwa kuchukua na kugeuza. Edward Saidi Tingatinga alifariki mwaka 1972, lakini wanafunzi wake, na wanafunzi wa wanafunzi wao, wameendelea kuiga na kubadili wanyama na rangi zake, na mtindo huo hadi leo unaitwa kwa jina lake. Kanga nazo hurudia mapambo ya zamani kwa misemo mipya; hata hivyo, kwa miaka mingi nyingi kati ya zile zilizotoka katika duka maarufu la Mombasa zilibeba pembeni maandishi "Mali ya Abdulla". Kuiga hakukufuta jina. Vijana wanaoita jambo hili rimiksi wameliongezea kompyuta tu.

Ningeishia hapo, makala hii ingekuwa ya kumsifu mwanafunzi. Lakini mchana ule tulikwenda kwa mzee aliyemwonyesha kijana msuko huo. Tulimkuta akipasua mianzi. Aliitazama picha kwenye kioo, akaikaribia, akasema, "Ufito wa tatu umeruka. Mimi siruki pale." Kisha akauliza ni maneno gani yaliyoandikwa chini. Kijana akamsomea: jina la yule wa Ulaya, jina la mwingine, na mwisho, "msuko wa jadi, Njombe".

Mzee alinyamaza kidogo. "Hao wa mbali umewataja kwa majina. Mimi uliyekuja kuketi kwangu siku mbili, umeniandika jadi?"

Hakuna leseni iliyomlazimisha kijana kumtaja mzee. Sheria yetu ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 ina sehemu inayolinda sanaa za jadi, na ni jambo jema. Lakini jadi haikuamka alfajiri kukata mianzi. Kuna namna ya kusuka iliyo ya jamii nzima, na kuna namna ya kufunga mdomo wa tenga ambayo mtu mmoja aliigundua baada ya miaka ya kukosea. Tukiyaita yote "jadi", tunamheshimu kila mtu kwa pamoja na hatumheshimu yeyote.

Sikuweza kumkemea kijana, kwa sababu aliyemfundisha ni mimi. Tasnifu yangu ya udaktari imejaa "maarifa ya wenyeji". Baadhi ya wazee niliwaficha majina kwa usalama wao, na hilo ni sawa. Wengine sikuwaficha, sikuona tu haja ya kuwauliza kama wangependa kutajwa. Jina lililopo kwenye jalada ni langu.

Kijana aliurekebisha ufito wa tatu palepale, mzee akiwa anaelekeza kwa kidole, kisha akaandika jina lake juu ya orodha, kwa ridhaa yake. Mimi niliporudi chuoni niliifuta ile sifuri kwa barua rasmi, na tangu hapo kila zoezi langu lina swali moja la nyongeza: nani alikufundisha hili, na umemuuliza?

Ndugu mtumishi wa umma unayeandaa ripoti yenye picha za "mafundi wa jadi", nawe mwanaharakati unayezibandika ukutani, fungueni ripoti zenu za mwaka huu. Wale waliomo kwenye picha, ni wangapi mnawajua kwa majina?