Damu kwenye mkojo na swali lisiloulizwa

Jamani, kijana wa miaka 20 akikojoa damu, sisi wote tuna jibu mdomoni: kichocho. Hasa kama amekulia kando ya Ziwa Victoria. Anameza vidonge, anarudi kwenye shughuli zake. Na mara nyingi jibu hilo ni sahihi.

Mimi ni mwandishi wa habari, si daktari, lakini kuna saratani moja adimu ya figo ambayo tangu nianze kuisoma imeninyima usingizi. Karibu wote wanaoipata wanabeba selimundu. Sikusema wanaumwa selimundu, la! Wanabeba: wamerithi jeni moja kwa mzazi mmoja, wanacheza mpira, hawana habari. Mwaka 1995 Davis, Mostofi na Sesterhenn wa Marekani waliielezea kwa wagonjwa 34, wengi wao vijana. Baada ya upasuaji waliishi kwa wastani wa wiki 15. Wiki, wadau, si miezi!

Anayeitambua ni mtaalamu wa patholojia, ambaye kwa kawaida hata hamwoni mgonjwa. Analetewa kipande cha figo na fomu. Kwenye darubini, uvimbe huu unaweza kufanana na saratani nyingine. Lakini ndani ya mishipa midogo anaweza kuona chembe nyekundu za damu zilizojikunja kama mundu. Hapo anapaka rangi maalumu inayotafuta protini ya jeni iitwayo SMARCB1. Viini vya seli zenye afya hugeuka kahawia. Vya saratani hii hubaki bila rangi hiyo, kwa sababu jeni imepotea kazi.

Jibu hilo hubadili tiba. Dawa nyingi za saratani ya kawaida ya figo hapa hazifui dafu, hivyo madaktari huanza na zile za jamii ya platinamu.

Sasa hoja yangu. Rangi hiyo haipo kila maabara, lakini kuuliza "unabeba selimundu?" ni bure. Tatizo, wangapi tunajua jibu? Tanzania ni kati ya nchi zinazoongoza duniani kwa watoto wanaozaliwa na selimundu, maana yake wanaobeba ni wengi zaidi, tumebanana nao kwenye daladala. Tusitishane: walio wengi kabisa hawataugua saratani hii. Ila dawa ya kichocho ikiisha na damu bado inatoka, omba ultrasaundi ya figo, na umwambie daktari kama unabeba.

Mimi napima wiki hii. Wewe je?